Kwa Nini Walimu Wetu Wanaondoka?



Muhula uliopita tumempoteza mwenzetu mwingine hapa Manyatta. Hakufa, Mungu amjalie maisha marefu. Alimkabidhi mwalimu mkuu vitabu na ufunguo wa kabati, akatushika mkono mmoja mmoja katika majilisi, akapanda bodaboda kuelekea Kondele. Sasa anaandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuwa amefundisha miaka 9. Darasa lake lilikuwa na watoto 83, na asubuhi ya pili watoto hao walikuwa wamekaa wakimngoja, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amewaambia.

Huyu ni wa tatu kutoka shule moja kwa muda wa miaka miwili. Hatuandiki maneno haya kumlaumu. Twaandika kwa sababu tulimwuliza sababu ya kuondoka, na jibu lake yafaa lisikiwe na kila mwanachama. Sisi tulidhani atasema mshahara. Yeye akasema: "Mshahara mdogo tuliupigania pamoja, na mtaupigania tena. Lakini kwa miaka 9 hakuna mtu aliyeingia darasani mwangu kunisaidia. Wote walioingia walikuja kukagua."

Tumelifikiria neno hilo muhula mzima, na leo twataka kulizungumza hapa.

Kwanza tuseme juu ya mshahara, asije mtu akadhani tumeusahau. Wazee wetu walipounda KNUT mwaka 1957, walimu wa nchi hii walikuwa na waajiri wengi. Huyu alilipwa na misheni, yule na baraza, na kila mwajiri alikuwa na masharti yake. Wazee walidai mwajiri mmoja na masharti sawa kwa wote, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC, ikaundwa. Mwaka 1997, katibu mkuu akiwa Ambrose Adeya Adongo, tuligoma mpaka Serikali ikaahidi nyongeza ya kati ya 150 na 200 kwa mia. Baada ya kulipa sehemu ya kwanza ikasita, ikabidi tugome tena mwaka 1998. Na juzi juzi tumeona vijana wa shule za sekondari msingi wakifundisha tangu mwaka 2023 kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi wakiitwa wanagenzi, hali wanafanya kazi ya mwalimu kamili. Walikwenda mahakamani, waligoma mwaka 2024, na mwaka 2025 wengi wao wakapewa kazi ya kudumu. Hayo yote yalipatikana kwa umoja, na yatakayopatikana kesho yatapatikana hivyo hivyo.

Lakini mshahara ni neno moja, na siku ya kazi ni neno jingine. Mtu aweza kulipwa vizuri na bado akaamka asubuhi akachukia kwenda kazini. Tena aweza kulipwa kidogo na akabaki, kwa sababu anajua akikwama yuko mtu wa kumshika mkono. Mambo ya siku ya kazi hayasemwi sana katika mikutano yetu, wala hayaandikwi katika mikataba. Hapo ndipo wenzetu wanapotuponyoka.

Tuitazame basi siku ya mwalimu wa Manyatta. Anafika kabla ya kengele. Ana maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi ya kazi, na vyote vyatakiwa viwe tayari, kwani ndivyo vinavyoulizwa kwanza. Anaingia darasani, watoto wanne wanne kwenye dawati. Tangu Januari 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka nchini kwa mwaka mmoja, na sisi tulifurahi, kwa maana walikuwa watoto wa majirani zetu. Hata hivyo madarasa hayakuongezeka kwa kadiri hiyo, wala walimu. Hapa Manyatta kuna mtoto aliyelala na uji peke yake, na kuna aliyefagia kibanda cha omena cha mamake kabla ya kuja. Mwalimu ayajua hayo yote, na ndiyo kazi yake ya kweli.

Saa 10 jioni watoto wanakwenda zao. Hapo yaanza kazi ya pili. Mwaka 2016 TSC ilileta mpango wa kupima utendaji kazi wa mwalimu, ule tunaouita TPAD, na mwalimu akatakiwa kujaza maendeleo yake katika mtambo wa intaneti pamoja na ushahidi wake. Mtaala wa umilisi, CBC, ulipoanza kuenezwa mwaka 2019, ukaja mzigo mwingine: alama za tathmini ya kila mtoto zatakiwa kupelekwa kwa Baraza la Mitihani, KNEC, kwa njia ya intaneti pia. Mwenye watoto 83 na apige hesabu mwenyewe.

Je, kompyuta i wapi? Katika shule nyingi iko moja ofisini, na siku umeme ukikatika haiko hata hiyo. Basi mwalimu hutumia simu yake mwenyewe, na bando alilonunua kwa fedha yake mwenyewe. Simu ikishindwa, huenda saiba huko Kondele, akapanga foleni pamoja na wanafunzi aliowafundisha mchana, akalipa, akaambiwa mtambo umelemewa, arudi usiku. Tunao wenzetu walioamka saa 8 za usiku kwa sababu saa hizo ndizo mtambo ulipofunguka. Asubuhi wako mbele ya darasa, macho mekundu.

Mwashi haambiwi aje na saruji yake. Dereva wa matatu hanunui petroli kwa mshahara wake. Kwa nini basi mwalimu wa shule ya umma anunue chombo na mafuta ya kazi ambayo mwajiri ndiye anayeitaka?

Wako watakaosema kwamba walimu wa Kisumu wanaogopa mashine, na kwamba tunataka kurudi kwenye chaki na ubao tu. Hilo si kweli, na twaomba lisisemwe kwa niaba yetu. Wakongwe miongoni mwetu wakumbuka mwisho wa mwezi wa zamani, ambapo mwalimu aliacha darasa siku nzima akaenda mjini kupanga foleni benki ili ampelekee mamake fedha kijijini. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, siku hiyo ikarudi darasani. Vilevile hati ya mshahara, ambayo zamani ilipitia ofisi kadhaa ikafika imechelewa au isifike kabisa, sasa mwalimu huifungua katika simu yake. Mashine hizo hatukuzikataa hata siku moja. Zilitupunguzia safari, na mtu hachukii kitu kinachompunguzia safari.

Neno letu basi si juu ya mashine kuwako au kutokuwako. Twauliza: mashine hii imeletwa imtumikie nani? Na jibu la swali hilo halihitaji tusafiri kwenda Ulaya kulitafuta. Lilipatikana hapa hapa kwetu, na yasikitisha kwamba walimu wengi wa Kisumu hawajapata kulisikia.

Mwaka 2013, katika Kaunti hii ya Kisumu, mradi wa Wizara ya Elimu uitwao PRIMR, uliosaidiwa na fedha za Marekani, ulifanya jaribio. Shule ziligawanywa katika makundi. Kundi la kwanza, watoto walipewa vyombo vya kusomea vya kielektroniki. Kundi la pili, walimu walipewa vishikwambi. Kundi la tatu, watoto hawakupewa chombo, wala walimu hawakupewa, bali kishikwambi alipewa mwalimu mshauri wa kituo cha TAC, yule anayezunguka shule kwa shule, kimsaidie kutazama somo na kumshauri mwalimu. Tena ziliwekwa kando shule nyingine ambazo hazikupewa mradi huo, ili pawe na cha kulinganisha.

Ilikuwaje? Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale wa shule zisizokuwa na mradi. Lakini makundi hayo matatu yenyewe hayakupitana kwa kiasi cha kutajika. Mamia ya vyombo mikononi mwa watoto hayakuzaa zaidi ya chombo kimoja mkononi mwa mshauri anayezunguka. Na kwa kuwa mshauri mmoja huhudumia shule nyingi, njia yake ndiyo iliyokuwa na faida kubwa kwa kila shilingi iliyotumika.

Tuseme kweli: jaribio lile lilipima kusoma kwa watoto, halikupima ni walimu wangapi walibaki kazini. Hata hivyo laonyesha jambo ambalo mwenzetu aliyeondoka alilisema kwa maneno yake. Faida ilipatikana pale mtu alipoingia darasani kumsaidia mwalimu, na mashine ikawa fimbo yake ya kutembelea. Mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 nchini kote, uliifuata njia hiyo. Mshauri alikuja na kishikwambi, akakaa nyuma ya darasa, akatazama somo, akasikiliza watoto wachache wakisoma, halafu akaketi na mwalimu wakazungumza: hapa umefanya vema, hapa jaribu hivi. Wale waliopata mshauri mzuri wakati huo bado wamtaja kwa jina. Hatujasikia mwalimu yeyote akilitaja kwa upendo dirisha la TPAD.

Sasa lilinganishe hilo na mambo ya mwaka 2016. Mwaka huo Serikali ilianza kupeleka vishikwambi vya watoto wa darasa la kwanza, na hatimaye vikafika zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za nchi nzima. Lilikuwa jambo kubwa, na umeme ulifikishwa katika shule ambazo hazikuwa nao. Lakini chombo kilitangulia, msaada ukabaki nyuma. Mwalimu alipata mafunzo ya siku chache, kisha akaachwa peke yake na darasa lenye watoto wengi kuliko vyombo. Vikiharibika hakuna fundi, vikiibwa yeye ndiye wa kuulizwa. Mwalimu mwenye akili alifanya nini? Alivifungia stoo, kwa maana kitu kilichofungiwa hakipotei. Wenzetu wengi watajitambua hapo, nasi hatuwacheki. Anayeogopa kushtakiwa kwa kuvunjika kwa chombo hatakitoa chombo nje.

Mfano mwingine ni mafunzo ya kukuza taaluma yaliyotangazwa mwaka 2021. Kujifunza zaidi ni jambo jema, wala hakuna mwalimu wa kweli anayekataa kujifunza. Lakini tuliambiwa kila mmoja alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni, na vyama vya walimu vikakataa. Hapo tena yaonekana desturi ile ile: msaada unaoitwa msaada, na bili yake yatumwa kwa anayesaidiwa.

Sasa twaja kwenye neno ambalo twalisikia mara nyingi, nalo latuuma. Mwalimu akilalamika huambiwa: "Ukitaka kwenda nenda, wako zaidi ya 300,000 waliosomea ualimu wanangoja nafasi yako." Ni kweli kwamba wanangoja, na ni aibu ya nchi kwamba wanangoja hali madarasa yana watoto 83. Lakini mwenye kusema hivyo afikiri kama mwenye duka la taa, ambaye moja ikiungua hutia nyingine. Mwalimu si taa. Muhula wa kwanza mzima mwalimu mpya hujifunza ni mtoto gani haoni ubao vizuri, ni yupi ananyamaza kwa njaa na yupi ananyamaza kwa utundu, ni mzazi gani apigiwe simu jioni kwa kuwa mchana yuko soko la Kibuye. Anapokwisha kujua, naye akiondoka, watoto waanza upya. Lile darasa la watoto 83 limekuwa na walimu watatu kwa mwaka mmoja. Mtoto wa mwenye pesa atahamishiwa shule ya kulipa. Wa Manyatta atabaki pale pale akingoja wa nne. Hiyo ndiyo hasara, na haimo katika mtambo wowote wa hesabu.

Tusiilaumu ofisi peke yake. Tujitazame na sisi wenyewe. Mwalimu kijana anapofika shuleni kwetu, tunamwonyesha nini? Tunampa darasa lililokataliwa na wote, tunampa zamu ya lango, tunamwita "mtoto wa juzi" katika majilisi, na siku ya kujaza TPAD twamwachia kazi ya kutujazia sisi wakubwa tusiojua kompyuta. Halafu akiondoka twasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Moyo wake tuliumega sisi, kipande kipande.

Twajua pia shule moja hapa mtaani, hatutaitaja, ambapo mwalimu mmoja mama, aliyebakiza miaka michache kustaafu, alimchukua binti aliyetoka chuoni akaketi naye kila Ijumaa muda wa mwaka mzima. Yeye alimfundisha binti namna ya kulituliza darasa la watoto wengi bila kelele, naye binti akamfundisha kupeleka alama kwa simu. Fedha haikutumika, ila chai. Yule binti yupo mpaka leo, na juzi alikataa kazi ya shirika moja mjini. Tulipomwuliza kwa nini, akacheka akasema, "Nitamwacha vipi mama peke yake na ule mtambo?"

Kwa hiyo, ndugu zetu, twaweka mbele ya mkutano ujao wa tawi madai haya, tuyajadili, tuyaongeze au tuyapunguze, kisha yaende juu kwa sauti moja.

Kwanza, kazi yoyote inayotakiwa na mwajiri kwa njia ya intaneti, mwajiri alete chombo na alipe bando, shuleni, ndani ya saa za kazi. Simu ya mwalimu ni mali yake.

Pili, saa za kujaza na kupeleka alama zihesabiwe katika ratiba kama vipindi vinavyohesabiwa. Kazi isiyohesabiwa huliwa na usiku.

Tatu, yeyote anayeingia darasani na kishikwambi cha kukagua akae somo zima, azungumze na mwalimu kabla ya kuondoka, na aandike mambo mawili: mwalimu afanye nini, na ofisi ifanye nini. Ukaguzi wa upande mmoja ni hukumu bila kesi.

Nne, kila mwalimu mpya apewe mwalimu mlezi kwa mwaka wake wa kwanza, na mlezi huyo apunguziwe vipindi.

Tano, mafunzo yakiwa ya lazima, gharama yake iwe ya anayelazimisha.

Tena kuna mambo ambayo hayangoji kibali cha mtu. Twaomba kila mwanachama wa Manyatta, kuanzia siku ya kwanza ya muhula, aweke daftari dogo mfukoni. Aandike kila shilingi ya bando na ya saiba aliyotumia kwa kazi ya shule, na kila saa aliyokaa na mtambo baada ya kengele ya mwisho. Mwisho wa muhula tutayakusanya na kujumlisha. Tukienda mezani na malalamiko tu, watatuambia tuna maneno mengi. Tukienda na hesabu, watalazimika kujibu hesabu. Na wakongwe, kila mmoja amchague mwalimu mpya mmoja, aketi naye japo nusu saa kwa juma. Hilo halina gharama, wala hakuna waraka unaolikataza.

Mwenzetu aliyeondoka tulikutana naye tena Kibuye Jumapili moja. Anasema kazi ya duka si mbaya, jioni anafunga hesabu na kwenda nyumbani. Kisha akauliza juu ya mtoto mmoja wa darasa lake, kama sasa anaweza kusoma. Tulimjibu kweli, kwamba hatujui, kwani mwalimu aliyempokea naye ameondoka. Akanyamaza. Na sisi tukanyamaza.

Hatutaki kunyamaza tena. Njooni mkutanoni na madaftari yenu. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ni sisi ndugu zenu, walimu wa Manyatta.